Neno Lililoishia Mkononi

Tik.

Kisha kimya. Kisha tik nyingine, kama mtu anagonga glasi kwa ukucha.

Mwandiko alifumbua macho gizani akatega sikio. Si mlango, si panya. Ilikuwa friji. Tangu wiki iliyopita ilikuwa imeshika tabia hiyo: inanguruma, inakata, inagonga, inanyamaza kama mgeni aliyeudhiwa. Alipapasa ukuta mpaka jikoni, akaiwekea kiganja ubavuni, vile vile anavyomwekea mwanawe kiganja kwenye paji la uso akiwa na homa. Maziwa ya mtoto bado yalikuwa na ubaridi. Akashukuru kwa hilo, akavaa, akambeba binti yake nusu usingizini hadi mlango wa pili kwa dada yake mkubwa, kisha akashika njia ya kazini. Waokaji mikate huamka kabla ya walaji.

Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Dukani walimwita Mwandiko, kwa kuwa yeye ndiye aliyeandika juu ya keki. Alishika mfuko wa krimu kama wengine wanavyoshika kalamu, na kwa mkono ule aliandika hongera, pole, nakupenda, karibu duniani. Pale dukani palikuwa na sheria moja isiyobishaniwa: keki haitoki na neno nusu. Krimu ikikatikia njiani, unakwangua, unaanza upya. Miaka ya sheria hiyo ilikuwa imemwingia vidoleni. Akikuta mtu kaandika "asan" kwenye vumbi la gari, kidole kilimwasha mpaka aongeze "te".

Asubuhi ile duka lilifurika. Shule zilikuwa zinafunga, kila mzazi anataka keki, na kabati la vioo lenye keki zilizokwisha kuandikwa lilikuwa limezima. Krimu ilianza kutoa jasho. Mwandiko alikuwa anapenya katikati ya watu na keki ya ghorofa mbili mikononi, gauni lake la kijani limejaa unga hadi kifuani, akakutana uso kwa uso na mwanamume mwenye sanduku la vifaa. Mwanamume akajibandika ukutani, akaliinua sanduku juu ya kichwa.

"Pita, dada. Mimi nikigongwa napona. Hiyo haiponi."

"Na wewe ni nani?"

"Fundi wa baridi."

"Umechelewa. Baridi imeshakata roho."

"Basi nimekuja msibani. Marehemu yuko wapi?"

Mwandiko alicheka mpaka ghorofa ya juu ya keki ikatikisika. Alimwonyesha kabati kwa kidevu. Aliporudi, alimkuta fundi amepiga magoti, ncha ya bisibisi ndefu ameigusisha kwenye mashine, mpini ameuweka sikioni, macho amefumba. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shingo safi iliyonyolewa vizuri, na shati la buluu la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono. Ndani ya duka lile, ambamo hata kuta zilikuwa zinatokwa jasho.

"Fundi, joto lote hili umejifunga kama bwana harusi?"

"Bwana harusi ana bibi harusi. Mimi nina kabati la keki."

"Na hiyo bisibisi inakwambia nini?"

"Inaniambia inapouma. Mashine husema mapema. Ila watu huja kuisikiliza ikishanyamaza."

Mpishi wa tanuri, mtu mpana mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, ambaye wote walimwita Tanuri, alipaza sauti kutoka nyuma: "Fundi, huyo dada ana maswali kama karani wa sensa. Ukimjibu moja, umekwisha."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo," Mwandiko akamrudishia. Kisha kwa fundi, kwa sauti ndogo: "Yangu ya nyumbani inagonga usiku."

"Mara moja, au mara mbili?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali kama lile. Alifikiri. "Mara mbili. Na katikati inakaa kimya kidogo."

"Kama mtu anayetaka kusema halafu anaghairi," fundi alisema. "Naijua hiyo. Nitakuja."

Sasa, ujue kwamba Mwandiko hakuwa mtu wa kuandika keki tu. Jioni, dada yake akimshikia mtoto, alikwenda darasa la mwandiko wa sanaa katika shule ya msingi iliyokuwa karibu. Watu wazima walijikunja kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu, wakajifunza jinsi herufi inavyonenepa na kukonda. Mwalimu wa jioni, mama mmoja mwembamba aliyening'iniza miwani kwa kamba shingoni, alikuwa amewapa kazi ya kumalizia masomo. "Msiniletee mnachokijua," alisema. "Nileteeni mnachokiuliza."

Swali la Mwandiko lilikuwa la siku nyingi. Baba wa mtoto wake alikuwa mtu wa "niko sawa". Kapunguzwa kazi, yuko sawa. Halali usiku, yuko sawa. Mpaka siku alipofunga begi akasema anafuata kazi mji mwingine, na kazi hiyo haijamrudisha hadi leo. Mwandiko hakubaki na hasira nyingi kama dada yake alivyomtaka abaki nayo. Alibaki na udadisi. Hivi wavulana huambiwa nini wakiwa wadogo, hata wakikua waweze kusema niko sawa huku nyumba inaungua?

Basi akaanza kuwauliza. Kila mwanamume aliyekubali alimwambia sentensi moja aliyoambiwa utotoni kuhusu kuwa mwanaume, na Mwandiko akaiandika mwilini mwake, pale mwenyewe alipopachagua, kwa herufi za tatuu: nene tumboni, nyembamba mkiani, zenye kivuli upande mmoja na ncha kama miiba. Wino ulikuwa wa muda, wa kuoshwa kwa sabuni. Neno likiwa nusu alipiga picha moja ya kupima mwanga, na likiisha akapiga picha ya mkono, au shingo, au mguu, bila uso. Aligundua kwamba ngozi si krimu. Ngozi inapumua, ina vinyweleo, inashtuka. Ilimbidi aseme, "Toa pumzi," na kuandika pumzi ikiwa inatoka.

Tanuri alitaka yake ndani ya kifundo cha mkono: KAZA MOYO. Dereva wa gari la mikate alitaka ukosini: USIULIZE NJIA. "Ndiyo maana mikate hufika imepoa," Mwandiko alimwambia. Mlinzi wa shule, mzee mwenye kitambi cha heshima, alivua shati bila kuombwa akataka kwenye kitambi: MWANAUME HASHIBI. Darasa zima lilishindwa kuendelea na kazi.

Fundi alikuja kuiangalia friji siku ya mapumziko. Binti wa Mwandiko, aliyeitwa Kijino kwa sababu ya jino moja la mbele lililokuwa limebaki kama nguzo ya lango, alimkalia karibu kama msimamizi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusoma, na alisoma kila kitu: maboksi, dawa ya meno, kandambili. Barafu iliyoyeyuka ikamwagika, fundi akakunja mkono wa shati kabla hajakumbuka. Kwenye ngozi, chini ya kiwiko, palikuwa na herufi tatu zilizopinda, za rangi ya masizi.

"Es, ha, u," Kijino alisoma kwa kidole. "Shu. Shu ni nini?"

"Ni jina wanaloniita."

"Mbona herufi ya mwisho ina mkia?"

Mkia ulikuwa mstari mdogo ulioteleza kutoka kwenye U hadi karibu na kifundo, kama gari lililoacha njia.

"Sindano ilivunjika," fundi alisema, akaitazama dari, akaushusha mkono wa shati juu ya ngozi iliyolowa.

Friji iliacha kugonga. Simu ndiyo ikaanza.

"Friji imelalaje?" Shu alimpigia kesho yake.

"Imelala vizuri. Inakusalimia."

"Na mwenye friji?"

"Mwenye friji hajaleta malalamiko."

"Kampuni yetu hufuatilia hata wasiolalamika."

"Kampuni gani hiyo, kipenzi, yenye fundi mmoja na bisibisi moja?" Neno lilikwisha kumtoka. Ulimi hauna mfupa.

Wakaanza kutembea pamoja Mwandiko akitoka darasani, yeye na kalamu zake, Shu na sanduku lake. Shu alimfundisha kusikiliza mashine. Alimfundisha kutofautisha kelele ya uzee na kelele ya maumivu. Siku moja akamnunulia kitambaa cha kichwa cha rangi ya manjano, akamkabidhi kikiwa ndani ya boksi la kidhibiti joto, na Mwandiko akakivaa hata kwenye tanuri. Dada yake alimwangalia akasema, "Mdogo wangu, uso wako umechomekwa kwenye umeme." Kisha akaongeza, maana dada ni dada: "Chunga tu asije akawa sawa."

Jioni moja Shu alimpigia akiwa na sauti nyingine.

"Nina jambo. Sindano haikuvunjika."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Ulitazama dari."

Alicheka kidogo, kisha akasimulia. Walikuwa vijana watano wa mtaa mmoja. Mkubwa wao alikuwa na sindano na masizi ya taa, na neno lilikuwa moja kwa wote: SHUJAA. Wanne wakaandikwa. Zamu yake ilipofika, katikati ya U, akavuta mkono, akasimama, akaenda kwao. Tangu siku hiyo ni Shu. Alihama mtaa, jina likamfuata kama kuku aliyezoea punje.

"Na kwa nini uliuvuta?" Mwandiko aliuliza.

"Hilo nitakwambia tukiwa ana kwa ana," alisema. "Ila ukitaka mkono wangu kwa kazi yako, nitauleta. Kwako wewe tu."

Mwandiko alilala na simu kifuani. Na hapo ndipo alipokosea. Wanaume wote aliwauliza na kusubiri jibu. Huyu mmoja aliyempenda, akamjibia mwenyewe. Aibu, alijisemea. Maskini, miaka yote anaona aibu kwa sababu hakumaliza.

Siku ya mkono wa Shu, darasa lilijaa. Tanuri alikuwepo, dereva, na mlinzi na kitambi chake. Shu akafungua kifungo, akakunja shati taratibu, akaulaza mkono juu ya dawati, kiganja juu. Watu waliziona zile herufi, hakuna aliyecheka. Mwandiko alipiga picha moja ya kupima mwanga, kama kawaida yake. Akasema, "Toa pumzi." Akaanza kuzipa zile herufi tatu kivuli na miiba, akazinyoosha, akazipendezesha.

Kisha mkono ukaendelea. Mkono ule ulikwisha kuandika maelfu ya hongera bila kuacha hata moja njiani. Ukauchukua ule mkia ulioteleza, ukaugeuza J, ukaweka A, ukaweka A nyingine. Yakatoka maandishi mazuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

"Toba," Tanuri alisema. "Fundi umekamilika."

Watu wakapiga makofi. Mwandiko akainua uso, macho yanang'aa, kama mtu aliyetoa zawadi na anasubiri ifunguliwe. Shu aliutazama mkono wake, na Mwandiko akaupiga picha. Alitabasamu kwa mdomo peke yake. Kisha akashusha shati juu ya wino mbichi, akafunga kifungo, akachukua sanduku. "Nina jokofu la watu linaningoja," alisema.

Alipokea simu mara moja tu usiku ule.

"Umekasirika, mpenzi? Nilitaka kukupa zawadi."

"Najua. Keki pia ni zawadi."

"Una maana gani?"

"Mimi si keki, Mwandiko. Sikuja kumaliziwa."

Baada ya hapo simu ikawa inaita bila kupokelewa. Kabati la duka lilipogoma tena, alikuja fundi mwingine, asiyesikiliza kitu, akalipiga teke likawaka. Mwandiko alimwandikia Shu: *Niletee shati nilifue, ule wino unataka maji ya uvuguvugu.* Jibu likaja: *Shati limetakata.* Hakuna kingine. Alilisoma mara nyingi, akitafuta nyuma ya maneno kama mtu anayetafuta ufunguo nyuma ya kochi.

"Wanaume wakinuna huachwa," dada yake alisema.

"Hajanuna, dada. Ameumia. Ni sauti mbili tofauti."

Maonyesho ya darasa yalikuwa Jumamosi. Ikabaki kuchagua picha. Alizitandaza zote sakafuni, zilizokamilika upande huu, zile za kupima mwanga upande ule, tayari kutupwa. Kijino alipita katikati yake akiruka kwa mguu mmoja.

"Mama, hawa wamefunga ngumi."

"Wapi?"

"Hawa."

Mwandiko aliinama. Kweli. Katika kila picha iliyokamilika, mtu alikuwa amekwisha kuisoma sentensi yake, na mkono ulikuwa umefunga. KAZA MOYO, ngumi. USIULIZE NJIA, mabega yamepanda. Hata kitambi cha mlinzi kilikuwa kimevutwa ndani. Lakini zile alizozipiga njiani, neno likiwa nusu, vidole vilikuwa wazi. KAZA MO, na kiganja cha Tanuri kimelala kama cha mtoto. MWANAUME HA, na kitambi kimeachiwa kwa furaha yake yote. Na SHU, kabla hajagusa kitu, mkono wa fundi juu ya dawati, wazi, kama wa mtu anayesubiri kumiminiwa maji anawe.

Alikaa chini. Aliwaza mambo mengi, ila lililorudi kila mara lilikuwa hili: alimwona Shu akiwa ameufungua mkono, akamfanya aufunge.

Kesho yake alimkuta Shu karakanani kwake. Ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gesi na vumbi la chuma, friji zimepangwa pande mbili zikiwa zimeachwa wazi milango, kama watu waliokaa kwenye benchi la daktari. Shu alikuwa ndani ya mojawapo, miguu nje. Alivaa mikono mirefu.

"Karibu," alisema alipotoka. Hakuketi.

"Sikuja kuomba shati," Mwandiko alisema. "Nimekuja na swali langu la simu. Hukulijibu, na mimi nikalijibu mwenyewe. Kwa nini ulivuta mkono?"

Shu alipangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa. "Iliuma," alisema.

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Iliuma, nikasema basi. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kusema basi, kwa jambo lolote lile, na sijawahi kuijutia. Ninachojutia ni uongo wa sindano. Vifungo hivi sifungi kwa ajili ya herufi, nafunga kwa ajili ya uongo. Nikakuona wewe unavyouliza watu. Nikasema, huyu ataandika kilichopo. Nikakuletea. Ukanimalizia, na watu wakapiga makofi, na nikawa nimesema uongo tena bila kufungua mdomo."

Mwandiko hakujitetea. Alitoa picha mbili kwenye mfuko, akaziweka juu ya friji iliyolala chali. Moja ina SHUJAA yenye miiba na ngumi imefungwa. Nyingine ina SHU iliyopinda na kiganja wazi.

"Hii ya kwanza ni yangu," alisema. "Ni kosa langu, na nitaishi nalo. Hii ya pili ni yako. Sitaitundika mimi. Nitapiga msumari ukutani na kuuacha. Usipokuja, watu watauona msumari."

Aligeuka kuondoka.

"Mwandiko."

"Naam."

"Hilo kosa limeandikwa vizuri lakini."

"Ndiyo ubaya wake," alisema, akatoka kabla hajalia mbele ya friji za watu.

Jumamosi darasa lilikuwa limepanguswa, madawati yamesukumwa pembeni, na wageni wamejaa hadi kwenye korido. Ukuta wa Mwandiko, wenye picha za neno nusu tu, ndio uliokuwa na kelele. Watu walisimama mbele ya neno lililokatika na, bila kuombwa, wakalimalizia kwa sauti. "Kaza mo... yo," mzee mmoja alisema, akashtuka, akajitazama mkono. Mwalimu wa jioni alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Hili ni swali," alimwambia Mwandiko. "Safi sana." Lakini macho ya Mwandiko, chini ya kitambaa cha manjano, yalikuwa kwenye msumari ulio tupu katikati ya ukuta, na mlangoni, na kwenye msumari.

Wageni walipoanza kupungua, Tanuri aliacha kucheka ghafla. Hivyo ndivyo Mwandiko alivyojua.

Shu alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mifupi, bado lina mikunjo ya dukani. Hakumsalimia mtu. Alipita katikati ya watu na picha yake mkononi, akaitundika, akainyoosha kwa kidole kimoja. Kisha akachuchumaa mbele ya Kijino, aliyekuwa amekaa chini ya ukuta akila biskuti.

"Kijino, nilikudanganya siku ile."

"Kuhusu friji?"

"Kuhusu sindano. Haikuvunjika. Iliniuma, nikasema basi, nikaenda nyumbani."

Mtoto alitafuna akifikiri. "Hata mimi sindano huniuma," alisema, akamkatia biskuti nusu.

Shu alisimama. Mwandiko alikuwa amekwisha kufika, mikono imemwangukia ubavuni, haijui pa kukaa.

"Friji yako imepona," Shu alimwambia kwa sauti ya wawili tu. "Nimetafuta wiki nzima sababu ya kuja kwako, sikuipata. Sasa nakuuliza wewe mwenye maswali: mtu akitaka kuja bila sababu, aje siku zote, akae, asizeeke mlangoni, anapita wapi?"

"Anapita kwa dada yangu kwanza," Mwandiko alisema. "Atakuhoji kuliko mimi. Ukitoka huko mzima, mimi nipo. Nilikwisha kukubali tangu ulipoliita kabati marehemu."

"Mpenzi wangu."

"Sema tena, fundi. Kelele ya hapa kubwa."

Akasema tena. Mkono wake ule wenye herufi ulitafuta wa Mwandiko, ukaukuta, na yote miwili ikabaki wazi, kiganja kwa kiganja.

Nyuma yao bwana mmoja mwenye tai alikuwa ameinama mbele ya picha ya katikati, anaikagua kama mtu anayetafuta kasoro kwenye risiti. "Sasa hili la mkono wa kweli mbona limeishia njiani?" aliuliza kwa nguvu. "Mwandishi alichoka?"

Mwandiko alifungua mdomo. Shu naye akafungua. Lakini Kijino alikwisha kusimama, makombo kifuani, kidole kwenye ule mkia wa U, na chumba kizima kikamsikia.

"Iliuma, akasema basi."